Jina Lake Limo kwenye Orodha Gani? Utoto katika Visiwa vya Channel, 1940–1945

Jioni ya Ijumaa, tarehe 28 Juni 1940, malori yaliyosheheni nyanya yalikuwa yamepanga foleni kwenye gati la St Peter Port, mji mkuu wa kisiwa cha Guernsey, yakisubiri kupakia melini. Guernsey iliishi kwa nyanya, na mnunuzi wake mkuu alikuwa Uingereza. Marubani wa Kijerumani walipopita juu waliuona ule msururu, wakadhani ni msafara wa jeshi, wakamwaga mabomu. Guernsey na Jersey kwa pamoja zilizika watu 44. Askari wa kuwalinda hawakuwepo. Zaidi ya wiki moja nyuma Uingereza ilikuwa imeamua kuondoa wanajeshi wake visiwani, ila ilichelewa kulitangaza jambo hilo, na adui akashambulia ngome isiyokuwa na mtu.

Tarehe 30 Juni Wajerumani wakatua Guernsey, na kesho yake Jersey. Baada ya hapo mabomu yalipungua sana, likaanza jambo jingine lililodumu hadi tarehe 9 Mei 1945.

Jambo hilo, nchi kukaliwa na jeshi la kigeni, ni gumu kulieleza kwa sababu halifanani na vita tunavyoviona kwenye picha. Msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka Kagera mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto ni lake. Lakini hali ile ilidumu wiki chache, na wiki hizo zilikuwa za kuua, kupora na kukimbia. Visiwani adui alikaa karibu miaka mitano. Alipata muda wa kufungua ofisi, kuajiri makarani na kuhesabu watu, ng'ombe, baiskeli na redio. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ufunguo wa suala lote. Ukisoma kumbukumbu za watu waliokuwa watoto visiwani unaweza kudhani wanasimulia vita tofauti. Mmoja anakumbuka michezo kwenye mahandaki na askari aliyempa peremende, mwingine anakumbuka kambi Ujerumani, na wa tatu hakumwona mama yake kwa miaka mitano. Wote wanasema kweli. Walitofautishwa na orodha ambayo majina yao yaliandikwa, na mara nyingi orodha hiyo iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuwaona.

Kwanza tuiweke sawa jiografia. Jersey, Guernsey, Alderney, Sark na visiwa vidogo vya jirani vimekaa karibu na pwani ya Normandy; kutoka Jersey siku ya anga safi unaiona Ufaransa. Ni milki za mfalme wa Uingereza, lakini kisheria si sehemu ya Uingereza yenyewe: vina mabaraza yao, mahakama zao na sheria zao. Kwa hiyo Wajerumani walipofika walikuta serikali ndogo zilizokamilika, wakaziacha ziendelee kufanya kazi chini ya amri yao. Mfumo huo ulikuwa na mantiki. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zinamtaka jeshi mkaaji aheshimu sheria za mahali alipokalia isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba amri ya adui ilimfikia mtoto kupitia kwa polisi aliyemfahamu, mwalimu wake, au karani aliyesali kanisa moja na wazazi wake. Mwaka 1941 vijana walipoanza kuchora herufi V kwenye kuta, ishara ya ushindi wa Uingereza, aliyetangaza zawadi ya pauni 25 kwa atakayewataja alikuwa Victor Carey, kiongozi wa Guernsey yenyewe.

Orodha ya kwanza haikuandikwa na Wajerumani kabisa. Tarehe 19 Juni 1940 wazazi wa Guernsey waliambiwa meli zinakuja kuchukua watoto wa shule, na wakapewa saa chache za kuamua. Mtoto angeenda na mwalimu wake. Baba na mama huenda wangefuata, huenda wasifuate. Hakuna aliyejua meli zinaelekea mji gani. Kwenye kuta palibandikwa matangazo ya kuwasuta wanaokimbia kuwa ni waoga, huku ofisi nyingine zikihimiza watu waondoke. Wapo waliofikisha watoto bandarini wakageuka nao nyumbani. Wengine walituma wakubwa wakabaki na mdogo. Hatimaye watu wapatao 17,000 kati ya 42,000 waliondoka Guernsey, wakiwemo watoto wa shule karibu 5,000. Jersey walijiandikisha zaidi ya 23,000, ila kiongozi wao Alexander Coutanche aliwatuliza, wakaondoka kama 6,600 tu. Alderney iliondoka karibu yote. Sark walibaki, kwa kuwa mtawala wao wa kurithi, Sibyl Hathaway, aliwaambia wasiende popote.

Waliopelekwa Uingereza walitawanywa katika miji ya viwanda ya kaskazini, Stockport, Bury, Oldham, na wengine hadi Glasgow. Wanafunzi wa Elizabeth College ya Guernsey waliishia kijiji cha Great Hucklow, Derbyshire, na jengo lao nyumbani likachukuliwa na jeshi la Ujerumani. Simu na barua zilikatika. Njia pekee iliyobaki ilikuwa fomu ya Msalaba Mwekundu, yenye nafasi ya maneno 25. Fomu ilizunguka nchi zisizofungamana na upande wowote, ikapita mikononi mwa wakaguzi wa pande zote mbili, na jibu liliandikwa mgongoni mwa fomu ileile. Miezi ilipita. Mama angeuliza kama mtoto amepona surua, jibu lingemkuta mtoto ameshaugua kitu kingine na kupona. Jaribu wewe kumlea mtoto wa miaka sita kwa maneno 25.

Waliobaki visiwani waliingizwa kwenye daftari lao. Jersey, kuanzia mwanzoni mwa 1941, kila aliyefika miaka 14 alilazimika kuwa na kadi yenye picha. Walio chini ya umri huo hawakupewa kadi. Waliandikwa nyuma ya kadi ya baba. Kadi zaidi ya 30,000 bado zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya kisiwa hicho.

Maisha yao ya kila siku yalibadilika katika vitu vidogo vidogo kwanza. Saa zilisogezwa mbele zifuate za Berlin. Magari yalihamishiwa upande wa kulia wa barabara. Kulikuwa na muda wa kutotoka nje usiku. Kijerumani kiliingizwa darasani, na maofisa walifika shuleni kutoa zawadi kwa waliokifanya vizuri. Nadhani wengi huona somo la lugha kuwa ni jambo jepesi kuliko njaa, na ni kweli, lakini mtoto hukaa darasani kila siku. Nyumbani nako wazee walianza kuitumia zaidi lahaja yao ya kale yenye asili ya Kinormandi, ambayo askari hakuielewa hata kama alijua Kiingereza na Kifaransa. Mtoto akawa na lugha ya shuleni na lugha ya siri.

Na siri zilikuwa nyingi. Juni 1942 Wajerumani walinyang'anya redio zote. Watu wakaficha walizoweza chini ya sakafu na darini, wengine wakaunda redio ndogo zisizohitaji umeme, na vipaza sauti vya vibanda vya simu za umma vikaanza kutoweka kimoja baada ya kingine. Kusikiliza BBC kulimpeleka mtu gerezani, na baadhi ya waliopelekwa magereza na kambi za bara hawakurudi. Mtoto wa miaka mitano aliyejua baba anasikiliza nini usiku alikuwa ameshika maisha ya baba. Wazazi walichagua: ama kumficha mtoto kila kitu, ama kumfundisha kunyamaza. Baruapepe haikuwepo, lakini barua za siri za kuchongea jirani zilikuwepo, tena nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wa posta walijaribu kuzichelewesha ili anayetajwa apate kuonywa.

Chakula kilipungua taratibu. Chai ikawa majani ya miberi mwitu yaliyokaushwa, kahawa ikawa mbegu za mwaloni zilizokaangwa au mizizi ya bustanini, unga ukatolewa kwenye viazi, sharubati ikapikwa kwa viazisukari, na chumvi ikapatikana kwa kuchemsha maji ya bahari. Watoto walitumwa kuokota mwani mwekundu ufukweni ili upikwe kuwa mlo wa kuganda. Ni jamii ya mwani unaotoa kigandishi kilekile ambacho wakulima wa Paje na Jambiani huulimia leo. Baadaye fukwe zilitegwa mabomu, kazi hiyo nayo ikawa ya kubahatisha. Viatu vilikuwa na soli za mbao. Matairi ya baiskeli yalikuwa vipande vya mpira wa kumwagilia bustani.

Mtoto aliyebaki visiwani alimwona adui kila siku. Askari walipangiwa vyumba katika nyumba za raia. Walikuwa na picha za watoto wao wenyewe mfukoni, walicheza muziki bustanini Jumapili, waligawa peremende. Wazazi walikataza kuzipokea, na watoto, kama walivyo watoto popote, walizipokea. Sioni sababu ya kuona haya kwa niaba yao. Ila askari huyohuyo angeweza kesho kusimama mlangoni na karatasi.

Ndivyo ilivyokuwa Septemba 1942. Chanzo chake kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka hapo. Agosti 1941 Uingereza na Urusi ya Kisovieti ziliingia Iran, na Wajerumani waliokuwa wakifanya kazi huko wakakamatwa. Hitler akaamuru kulipiza kisasi kwa wakazi wa Visiwa vya Channel waliozaliwa Uingereza. Amri ililala kwenye mafaili karibu mwaka mzima, kisha ikafufuka. Tarehe 15 Septemba 1942 ilitangazwa magazetini: wanaume wa miaka 16 hadi 70 wasiozaliwa visiwani waondolewe pamoja na familia zao. Baadhi walipewa siku moja. Jumla ya watu kama 2,200 walichukuliwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1943. Mtoto aliyezaliwa Jersey, asiyejua kwingine, alisafirishwa kwa sababu ya mahali alipozaliwa baba yake. Rafiki yake wa nyumba ya pili alibaki. Jersey watu walikusanyika juu ya vilima vya bandari wakiimba nyimbo za Uingereza, na vijana kadhaa wakakamatwa.

Familia za Guernsey zilipelekwa Biberach, za Jersey kwenye ngome kuukuu ya Bad Wurzach, kusini mwa Ujerumani. Hazikuwa kambi za mauaji. Wafungwa walianzisha shule yao, na vifurushi vya Msalaba Mwekundu viliwafikia. Kuna kipindi walikula vizuri kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani, jambo linalovuruga hesabu yoyote rahisi ya nani aliteseka zaidi. Mwishoni mwa vita wakaletewa majirani wapya: Mayahudi waliotolewa kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, miongoni mwao waliofika Biberach wakitokea Libya, waliochukuliwa kwa kuwa na pasi za Uingereza. Watoto wa visiwani waliona kwa macho yao miili ambayo hawakudhani binadamu anaweza kuwa nayo na bado akatembea. Wafaransa waliwakomboa mwishoni mwa Aprili 1945.

Mayahudi wa visiwani walikuwa wachache, na waliandikishwa tangu Oktoba 1940 kupitia kwa viongozi wa visiwa. Wanawake watatu walitolewa Guernsey Aprili 1942, wakauawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mmoja wao, Therese Steiner, raia wa Austria, alikuwa amefika visiwani akiwa yaya wa watoto wa familia ya Kiingereza. Familia hiyo haikuondoka naye. Yeye kwa karatasi za Uingereza alikuwa mtu wa nchi adui.

Lipo kundi la watoto ambao hawakuwa wa visiwani kabisa. Hitler alitaka visiwa viwe ngome, na shirika la ujenzi la Todt likaleta maelfu ya vibarua wa kulazimishwa: Wahispania walioshindwa vita vyao, watu wa Algeria na Moroko, Wapolandi, na kuanzia Agosti 1942 Waukraine na Warusi, wengi wao vijana wadogo walioswagwa kutoka vijijini. Watoto wa Jersey waliwaona wakipita barabarani wakiwa wamefunga miguu kwa matambara na mifuko ya saruji. Alderney, ambako hakukuwa na raia wa kushuhudia, hali ilikuwa mbaya zaidi: uchunguzi ulioitishwa na serikali ya Uingereza ulieleza mwaka 2024 kwamba waliokufa huko huenda walikuwa kati ya 641 na 1,027. Hawa hawakuwa kwenye daftari lolote la mgao wa chakula. Walipotoroka, waliishi kwa huruma ya watu.

Louisa Gould, mjane mwenye duka huko St Ouen, Jersey, alimficha mmoja wao, rubani wa Kisovieti Fyodor Burriy. Mwanawe mwenyewe alikuwa amefia vitani katika jeshi la majini. Louisa alichongewa kwa barua, akakamatwa mwaka 1944, akafa katika kambi ya Ravensbrück, Ujerumani, Februari 1945. Kaka yake, Harold Le Druillenec, alikuwa mwalimu. Alipelekwa kambi kadhaa hadi Bergen-Belsen, akaokoka, na akatoa ushahidi mahakamani dhidi ya walinzi wa kambi hiyo. Mei 1942 vijana watatu wa Jersey walijaribu kuvuka kwenda Uingereza kwa mashua ndogo. Dennis Audrain alizama. Maurice Gould alifia gerezani Ujerumani mwaka uliofuata. Peter Hassall, aliyekuwa na miaka 15 tu walipoondoka, alirudi akiwa hai baada ya miaka mitatu ya kufichwa kusikojulikana, kwani Wajerumani walikuwa na orodha maalumu ya watu ambao ndugu zao hawakutakiwa kupata habari zao kamwe.

Majeshi ya washirika yaliposhuka Normandy tarehe 6 Juni 1944, watoto waliona moshi na kusikia mizinga ng'ambo, wakadhani zamu yao imefika. Haikufika. Visiwa viliachwa pembeni, kwa kuwa kuviteka kungegharimu damu nyingi, nyingine ya raia wenyewe. Ufaransa ilipokombolewa, njia ya chakula ikakatika kwa askari na raia sawia. Insulini ilikuwa imeshaisha, na wagonjwa wa kisukari walikufa. Gesi ikazimwa, kisha umeme. Septemba Churchill aliandika pembeni ya waraka kwamba waachwe wafe njaa. Wanahistoria wengi wanaamini alikusudia askari wa Kijerumani, lakini njaa haina macho ya kuchagua. Baada ya majadiliano marefu meli ya Msalaba Mwekundu, Vega, ilitia nanga Guernsey tarehe 27 Desemba 1944 na Jersey siku chache baadaye, ikiwa na vifurushi kutoka Kanada na New Zealand. Watoto wadogo waliionja chokoleti kwa mara ya kwanza. Askari walikatazwa kugusa vifurushi, na kwa sehemu kubwa walitii, huku wenyewe wakichemsha majani ya mmea uwashao na kula mbwa na paka wa watu. Hata hivyo Februari 1945 Guernsey ilikaa wiki kadhaa bila mkate mpaka Vega ilipoleta unga.

Ukombozi ulipokuja Mei, kazi ngumu ilikuwa bado. Kuanzia kiangazi hicho watoto wa Stockport na Bury walirudi wakiongea kwa lafudhi ya Lancashire. Aliyeondoka na miaka mitatu alirudi na minane, akaoneshwa mwanamke bandarini akaambiwa huyu ni mama. Wengine walilia kuwaacha walezi wao. Ile lahaja ya kale hawakuwa nayo tena, na Guernsey haijapona pengo hilo. Waliobaki na waliokwenda hawakuwa na kumbukumbu za kushirikiana, na ndani ya familia moja kila upande uliamini mwenzake ndiye aliyepata nafuu. Kulikuwa pia na watoto wa baba wa Kijerumani. Makadirio ya idadi yao yanapishana mno, kuanzia makumi hadi mamia kadhaa, kwa sababu hii ilikuwa orodha ambayo kila mtu alitaka isiwepo. Vyeti vingi vya kuzaliwa viliachwa bila jina la baba, au vikapewa jina lisilo lake.

Kanuni za mwaka 1907 hazikuwa zimemtaja mtoto. Zilitaja heshima ya familia, mali, kodi na dini. Mkataba wa Nne wa Geneva, uliosainiwa Agosti 1949, unasomeka kama uliandikwa na watu waliopitia miaka hiyo, na ndivyo ilivyokuwa. Kifungu cha 49 kinakataza kuhamisha raia kwa nguvu kutoka eneo linalokaliwa. Kifungu cha 51 kinakataza kumtumikisha aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 25, kinachohusu habari za kifamilia, kinataja hata fomu za maneno 25. Kifungu cha 50 kinamtaka jeshi mkaaji ahakikishe shule na makazi ya watoto yanafanya kazi, kisha kinaigeukia orodha yenyewe: lazima arahisishe kutambuliwa kwa kila mtoto na kuandikishwa kwa wazazi wake, na ni marufuku kubadili hadhi ya mtoto kisheria au kumwingiza katika vikundi vilivyo chini yake. Kwa maneno mengine, majina yaandikwe ili mtoto arudishwe kwao, na kalamu isitumike kumgeuza mtoto wa mwingine.

Vifungu hivyo bado vina kazi. Tarehe 17 Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa Rais Vladimir Putin na Maria Lvova-Belova, kamishna wa haki za watoto wa Urusi, kwa tuhuma za kuhamisha watoto kinyume cha sheria kutoka maeneo ya Ukraine yanayokaliwa. Mwaka mmoja kabla, Urusi ilikuwa imerahisisha kwa amri ya rais utaratibu wa kuwapa uraia wake yatima wa Ukraine. Urusi inakana tuhuma, inasema iliwaokoa, na haiitambui mahakama hiyo.